Penseli Sita za Daavi Dzigbodi

"Nipeni watoto sita na penseli sita, simu hata moja sitaki. Kabla ya sherehe za miaka hamsini ya shule watajua kutafuta mtandaoni kuliko nyinyi wazazi mnaokesha na simu mkitumiana salamu za asubuhi."

Hayo Dzigbodi aliyasema kwenye mkutano wa wazazi, kipaza sauti mkononi, mkuu wa shule akiwa ubavuni. Kwa Kiewe jina lake maana yake subira. Waliompa hawakungoja wamjue.

Alikuwa mtunza maktaba wa sekondari ya bweni ya Dzogbefe, ambako mwanafunzi akikamatwa na simu, simu hupondwa kwa nyundo gwaride zima likitazama. Kompyuta zenye mtandao zilikuwa nne tu, zote maktabani, na mhasibu alikuwa akizimezea mate.

"Daavi, umejitapa," Mkuu wa shule, Bwana Nutsugah, alimwambia baada ya wazazi kuondoka. "Basi watoto wako waandike historia ya shule, isomwe siku ya sherehe. Ikitoka uji, kompyuta zinakwenda uhasibuni."

"Na ikishikana ikawa ugali wa akple?"

"Zinabaki."

Bando la shule halikuwahi kuiona Ijumaa, kwa hiyo Daavi, yaani dada mkubwa, kama walivyomwita wote pale, alikuwa na sheria yake. Hakuna kugusa kompyuta kabla ya kujaza karatasi: unatafuta nini, maneno gani matatu lazima yawemo, na nani duniani angekuwa na sababu ya kuliandika jambo hilo. Hilo la mwisho ndilo lililowatoa jasho. Sefakor, msichana wa kidato cha pili miongoni mwa wale sita, aliandika "mtandao". Karatasi ikarudi.

"Mtandao ni ukuta, mama. Ukuta hauandiki. Nani kashika mkaa?"

Swali la kwanza lilionekana mteremko: nani alitoa ardhi ya shule? Kurasa kumi na moja zilijibu kwa kauli moja kwamba ni marehemu Agbemafle, mfanyabiashara, mwaka 1973. Jambo lenyewe lilijulikana hata na mafundi cherehani. Kitambaa cha sherehe kilikuwa kimeshachapwa, sura ya Agbemafle imejaa kila mahali, mashavu kama ametoka kula.

"Mashahidi kumi na mmoja, Daavi," alisema Sefakor, akifunga daftari.

"Au mmoja na kasuku kumi. Soma tena. Mto wanasema uko wapi?"

Zote kumi na moja zilisema mto unapita magharibi ya shule. Sefakor akachungulia dirishani. Mto ulikuwa mashariki, mahali ulipokuwa siku zote, na soksi zake zilikuwa zimeanikwa ukingoni.

Akaichukua sentensi ile ya mto, akaifunga ndani ya alama za kunukuu ili yatafutwe maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, kisha akafungua kurasa moja moja akiandika tarehe. Iliyozitangulia zote ilikuwa kijitabu cha mazishi ya Agbemafle, kilichopigwa picha na kuwekwa mtandaoni na mwanawe.

Daavi alicheka mpaka akashika meza. "Sijaona kijitabu cha mazishi chenye mlevi. Huku kwetu mtu hazikwi mpaka awe amejenga shule."

Karatasi ya pili ya Sefakor, pale pa mwenye sababu ya kuandika, ilisema: "karani wa ardhi". Iliwachukua wiki mbili. Ndani ya nakala za zamani za gazeti la serikali mtandaoni, ambamo hati za ardhi hutangazwa, wakamkuta mtoaji: Kosiwa Adzimah, mfinyanzi, ekari tisa za udongo wake wa vyungu. Agbemafle naye alikuwemo. Alitia sahihi kama shahidi.

Bwana Nutsugah alisoma, akafunga mlango.

"Ni kweli?"

"Namba ya ukurasa hiyo hapo."

"Daavi, kitambaa ni yadi elfu mbili. Familia ya Agbemafle imeahidi kutujengea ukumbi. Toa mstari huo mmoja tu, kompyuta hazitoki. Nakuapia."

"Mkuu, miezi mitatu nimewafundisha kuuliza nani kasema. Sasa niwafundishe kuuliza nani kachapa kitambaa?"

"Basi wewe ndiye unayewanyima watoto kompyuta."

Hilo lilimwingia, kwa kuwa lilikuwa kweli. Akaenda kuwauliza wenyewe. Sita wale walitazamana.

"Daavi," alisema Sefakor, "tukiutoa huo mstari, sisi ndio kasuku wa kumi na moja."

Siku ya sherehe Sefakor aliusoma, mstari ule na namba ya ukurasa wake, mbele ya watu mia tano waliovaa uso wa Agbemafle. Kisha kina mama wafinyanzi, waliokuwa wamewekwa nyuma kabisa juani, wakasimama, wakabeba viti vyao wenyewe, wakaja kuvipanga mbele ya meza kuu.

Jumatatu kompyuta zilihamia uhasibuni. Jumanne watoto kumi na tisa walikuja maktabani na penseli. Daavi akatoa simu yake kwenye mkoba, yenye bando lake mwenyewe, akaiweka katikati ya meza.

"Mikono mbali. Karatasi kwanza."

Kitambaa cha Agbemafle bado kipo sokoni, kwenye meza ya matambara ya kufutia masufuria. Yadi moja ni sedi tatu.