Mshipi wa Baba Mdogo

Baba mdogo alipoanza kukonda, mama alinikataza kumpeleka ziwani. "Yule sasa ni wa kunywa uji," alisema, "si wa kuvuta mbuta." Ilikuwa miaka ya tisini, gugu maji limeanza kuifunga ghuba yetu ya Karungu, na watu waliokonda walikuwa wengi hata hatukuuliza tena wanaumwa nini.

Lakini yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Mtumbwi wake ulikuwa mwembamba, wa watu wawili tu, unayumba hata ukipiga chafya. Wengine walitega nyavu. Yeye alivua mbuta, wale sangara wakubwa, kwa mshipi wa mkono, ndoana moja, na kisamaki hai kama chambo. Asubuhi moja alinikuta nikisugua sufuria.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "nipeleke mara moja tu. Nataka nimsikie mbuta mkononi. Uji hautakimbia."

Mimi nilikuwa kijana wa ndoto. Kichwani nilishanunua boti ya injini, nikaipaka rangi ya samawati, nikamkalisha baba mdogo mbele kama mbunge. Nikakubali.

Tulipenya kwenye njia nyembamba iliyobaki kati ya magugu, nikapiga kasia mpaka nyumba za ufuoni zikawa kama viberiti. Huko ziwani kuna sheria ambayo hata mlevi haivunji: mshipi ni wa aliyeushika. Samaki akimburuta, humkatii mpaka aseme mwenyewe, "Kata."

Saa nne hivi mshipi ukakaza. Mtumbwi ukageuka wenyewe, tukavutwa kuelekea kilindini. Baba mdogo akacheka, kicheko nilichokuwa nimekisahau.

"Huyu si samaki. Huyu ni ng'ombe wa mahari."

"Mlegezee kidogo, baba."

"Wewe piga kasia, uache kuongea kama mama yako."

Kisha kikohozi kikamshika. Mshipi ulikuwa umemchana viganja, damu inadondoka kwenye magoti, na maji yameanza kuingia upande wake.

"Nikate?"

"Usiguse."

Nikauliza tena, akatikisa kichwa tu. Paji la uso likainama mpaka ukingoni. Nikaona ataanguka, na hata akianguka hataachia. Nikachukua kisu, nikakata.

Mtumbwi ukatulia. Akabaki anatazama mikono yake.

"Baba, ulikuwa unaanguka," nikasema tulipokaribia magugu.

"Nimekaa kwenye mtumbwi huu tangu kabla hujazaliwa," akajibu polepole. "Nilijua nilipo."

Mpaka leo sijui kama ni kweli.

Ufuoni wanawake walikuwa wanangoja na mabeseni yao. Mmoja, aliyenunua samaki wake miaka mingi, akauokota mshipi na kuupapasa ncha. Mshipi uliokatika kwa nguvu za samaki huwa umevutika na kuchanika. Wa kisu, ncha ni safi. Kila mtu pale alilijua hilo.

"Nani amekata huu?" Macho yakaja kwangu.

"Mimi ndiye niliyemwambia akate," baba mdogo akasema.

"Wewe, shemeji? Tangu lini?"

"Tangu leo."

Wakacheka. "Basi kesho uje tuanike omena pamoja, tutakutafutia leso ya kujifunga kiunoni kama sisi." Naye akacheka nao. Nilifungua mdomo, lakini akanishika mkono kwa kile kiganja kilichochanika, akakaza.

"Beba makasia, twende."

Nikabeba.

Tulimzika baada ya mavuno. Watu wa ufuoni walisimama mmoja mmoja kumsifu, na mvuvi mmoja akakumbusha, kwa utani tu, siku ambayo bingwa wetu alimwogopa mbuta. Waombolezaji wakacheka kwa upendo, hata mama. Nami nilikuwa pale, nimesimama nyuma yao, nikacheka kidogo pia.