Sare yangu ya kwaya na sambaza

Mimi ni prezida wa mama wanaokausha samaki hapa Bweremana, na sheria niliitunga kwa mdomo wangu huu: ndani ya kikaushio cha jua, ile nyumba yetu ndogo ya plastiki, hakuingii kitu ila sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwani.

Jumapili asubuhi sare yangu ya kwaya ilikuwa ingali maji. Nikaitandaza humo, katikati ya samaki. Ikakauka upesi, nikafurahi.

Kanisani harufu ya samaki ikatanda. Nikamgeukia mwimbaji na mkaushaji mwenzangu, Mama Furaha: “Dada, haukunawa mikono leo?”

Tulipoinua mikono kuimba, sambaza mmoja akaanguka kutoka mkono wa sare yangu. Mama Furaha akamwokota, akambonyeza kwa kidole.

“Mama Prezida, hii haiyakauka bado. Uirudishe.”