Tano za Aina Moja

Nguo za baba zilinuka baruti hata zikifuliwa mara mbili, na harufu hiyo ilipoingia mlangoni, mimi na mama tulinyamaza. Alikuwa amerudi kutoka vitani Burma, akapata kazi ya kupasua miamba katika mgodi wa dhahabu huko Geita. Jeshini alijifunza poka ya karata tano, na msimu mmoja wa mvua, nikiwa na miaka tisa, akaamua kunifundisha mimi, mtoto wake wa pekee, ili apate mtu wa kujipima naye. Kila alasiri alinikalisha mkekani. Kila mchezaji hupewa karata tano, hutupa asizozitaka, huchukua nyingine badala yake. Tatu zinazofanana hula mbili. Tano zinazofuatana hula tatu. Lakini tano za aina moja, kopa tupu au shupaza tupu, hula tano zinazofuatana. Hiyo ya mwisho niliichanganya siku nyingi, na kila nilipokosea alinichapa vifundo vya vidole kwa ufito. “Samaki mkunje angali mbichi,” alisema. Vidole vilivimba nikashindwa kushika mwiko. Mama alivikanda kwa maji ya chumvi.

Jumapili moja mchana alikuja Limbu, mwenzake wa zamu, mtu mpole wa Ushirombo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Walicheza hadi baba akaweka mtamba ambaye mama alipewa na bibi, dhidi ya baiskeli ya Limbu. Nje, mama aliyekuwa akitwanga mtama akaacha kutwanga. Baba akalaza sita, saba, nane, tisa na kumi. Limbu akalaza kopa tano.

“Nimekula,” baba akasema.

“Hapana, bwana. Kopa tupu ni kubwa.”

“Muulize huyu, nimemfundisha mwenyewe. Kabula, ipi inakula?”

Macho yake yaliniambia anachotaka. “Kopa, baba,” nikasema. Halikuwa jibu la ujasiri. Niliogopa ufito, na hilo ndilo jibu pekee ambalo sikuwahi kuchapwa kwalo.

Alinipiga teke la mbavu, akanishika mkono akausokota mpaka nikasikia mfupa ukilia. Limbu alipomzuia alipigwa kigoda cha paji la uso, damu ikatiririka juu ya karata. Ndipo mama akaingia na mchi. Alimpiga baba begani, akampiga tena, baba akaanguka.

“Chukua ng'ombe wako, shemeji,” mama akamwambia Limbu, akihema. “Mtoto amesema kweli.”

“Sitaki ng'ombe wa namna hii,” Limbu akajibu. Akanipakia kwenye baiskeli yake, akaisukuma siku tatu hadi misheni ya Ushirombo, mama akifuata na kamba ya mtamba mkononi. Huko mkono wangu ulifungwa. Baba hakutufuata, wala sikumwona tena.

Sasa naishi Kambarage, mjini Shinyanga, na majirani wa rika langu husema watoto wa zamani walikuwa na adabu. Sibishani nao. Juzi mwanangu alikuwa akicheza karata na binti yake, na mtoto akapaza sauti: “Umekosea, baba, hiyo hailiwi hivyo!” Mwanangu akacheka, akakusanya karata agawe upya. Kisha wote wawili wakanitazama kwa mshangao, kwa maana nilikuwa nimekwisha simama katikati yao.