Seli Iliyotulia Mara Moja

Siku yangu ya kwanza kama fundi wa maabara hapa Kakamega, Mkuu wa Idara alinipokea mlangoni akiwa na konokono mkononi. "Karibu, madam," akasema. "Huyu ndiye mwalimu wetu. Seli zake za neva ni kubwa, hata mgeni anaziona."

Kazi yetu ilikuwa kusikiliza neva. Tulichoma seli kwa elektrodi, yaani kisindano cha kioo chembamba kuliko unywele, kilichojaa maji ya chumvi. Ishara ya seli ni hafifu mno, kwa hiyo ilipitia amplifaya, mashine ya kuikuza, ndipo ionekane kwenye skrini kama mstari unaorukaruka. Mashine nyingine iliichokoza seli kwa umeme kidogo. Vyote vilikaa ndani ya kizimba cha wavu wa waya, maana umeme wa ukutani nao huingilia.

Mkuu wa Idara alikuwa na binti mwenye kifafa, na dawa za hospitali zilikuwa zimeshindwa. Akageukia gome la mti wa msituni ambalo wazee huwachemshia wagonjwa. Tuliifanya seli ya konokono iruke ovyo kama ubongo ulioshikwa na kifafa, kisha tukaidondoshea maji ya gome lile. Miezi ikapita bure. Mchana mmoja, seli ikatulia. Mkuu akanishika bega. "Umeona? Umeona?"

Lakini jambo la mara moja si ushahidi. Tukarudia palepale kwa seli nyingine, huku mawingu yakijaa. Radi ya Kakamega mnaijua.

"Daktari, tuchomoe nyaya," nikamwambia.

"Ngoja kwanza. Inakaribia."

Radi ikapiga. Skrini ikazimika, amplifaya ikatoa moshi.

Tuliomba nyingine. Wakubwa wakasema, "Mwaka ujao." Mwaka ukaja, ukapita. Kisha binti akashikwa na kifafa akiteka maji mtoni, akafa.

Baada ya matanga baba yake alirudi kufundisha, lakini maabara hakuikanyaga tena. Nilibaki nikipangusa vumbi na kuwachorea wanafunzi seli ubaoni, hadi nikastaafu.

Vijana mnaniuliza kama kazi hii ina faida. Juzi sokoni nilikutana na mama wa yule binti.

"Ile dawa," akauliza, "mlikuwanga karibu kuipata?"

"Hapana, mama," nikamdanganya. "Hatukuwa karibu."

Akashukuru, akageuka kuchagua mboga.