Mwatum na Kago la Tibirinzi

Kwetu Shumba Viamboni, kaskazini ya Pemba, hakuna mikarafuu. Kuna mawe, kuna mihogo iliyojibana baina ya mawe, na kuna miguu ya kuendea kuchuma karafuu za wenzetu. Ndivyo alivyoishi Mwatum binti Ame, dada mkubwa wa mama yangu Tatu. Mumewe alikwishakufa, mtoto hakujaaliwa. Kila msimu ulipoingia alijitwika mkeka na sufuria, akashika njia ya kusini pamoja na mama mpaka Tibirinzi, karibu na Chake, kwenye shamba la Mzee Himid bin Mbarouk. Haya ninayoyasimulia yalitokea miaka michache kabla ya vita vya pili, nami nimeyapata kwa mama. Mama alikuwa akiyasimulia huku ameinamisha uso.

Mwatum alikuwa na ada yake. Jioni, kazi ikiisha, alisimama katikati ya uwanja wa kuanikia karafuu, akaifungua kanga aliyojifunga kiunoni juu ya gauni, akaikung'uta mbele ya watu wote. Hakuamrishwa na mtu. Karafuu hujificha ndani ya mikunjo ya nguo hata mwenyewe asijue, na yeye hakutaka punje ya mtu imfuate kambini kwa wachumaji. Alisema mgeni hujichungia jina lake mwenyewe, maana hakuna wa kumchungia. Wenyeji walimtania kwamba anafukuza nzi, naye akacheka, akaikung'uta tena.

Mzee Himid hakuwa mtu mbaya. Alikuwa bahili tu, na bahili hulala jicho moja wazi. Kwenye mkarafuu wa mpakani alining'iniza chupa nyeusi iliyofungwa kitambaa chekundu, na kila mchumaji alijua kuwa lile ni kago. Mwizi wa karafuu zile atavimba, na hatanywea mpaka aombe radhi kwa mwenye shamba. Chupa ile ilikuwa ikilinda vizuri kuliko mbwa, wala haikula.

Msimu mmoja Mwatum aligusa paja lake la kulia, juu kidogo ya goti, akakuta kitu kigumu mfano wa ndimu kimejikita ndani ya nyama. Hakikuuma. Hakikuwa na mdomo kama jipu, wala hakikusogea alipokisukuma kwa kidole. Mtu akiumwa hulia, lakini kitu kisichouma utakililiaje? Na paja ni paja. Mwanamke mwenye haya zake haendi kulifunua, hata mbele ya mkunga. Akanyamaza, hata mama hakumwambia.

Ndimu ikawa danzi. Gauni lake lilikuwa jepesi, na bila ya ile kanga ya kiunoni uvimbe ungeonekana. Basi Mwatum akaacha kuikung'uta. Jioni alijifunga vizuri, akapita pembeni ya uwanja, akaenda zake kambini. Watu waliomcheka kwa kukung'uta sasa walimtazama kwa kutokukung'uta. Sisi binadamu ndivyo tulivyo, jema la mtu hatulioni mpaka alikose.

Siku ya aibu ilikuja na mvua. Karafuu zilikuwa zimeanikwa uwanja mzima, na wingu likafunga ghafla. Kila mtu akakimbilia majamvi. Mwatum alishika pembe moja ya jamvi, mama pembe nyingine, na walipofika kibandani wote walikuwa wamelowa chepechepe. Kanga na gauni vilimganda mwilini. Uvimbe ulisimama pale pajani, na kila aliyekuwemo kibandani akauona.

Kisha mchumaji mmoja, Mwanawema wa Micheweni, akasema taratibu, "Ndiyo maana kaacha kukung'uta."

Yalitosha. Kufika jioni shamba zima lilikwishajua kuwa kago la Mzee Himid limeshika mwizi. Wakamwendea mwenyewe kumuuliza. Mzee Himid akapapasa ndevu, akajibu kwamba aliyekula anajijua. Hakusema zaidi, na mimi huwa namchukia zaidi kwa kule kunyamaza kuliko kwa jibu lenyewe.

Mwatum aliapa kwa Mungu na Mtume wake kwamba hakuchukua kitu. Alirudi Shumba kabla msimu haujaisha, na habari ikawa imetangulia. Kisimani wanawake walimpisha ateke maji kwanza, si kwa heshima, bali ili aondoke. Mama alimkanda paja kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, akamwita mzee wa kuumika kwa pembe, akamfungia majani ya mbarika. Uvimbe ulizidi kukua, ukaanza sasa na kuuma, maumivu ya ndani yasiyomwacha alale.

Ndipo mama yangu alipofanya jambo alilolionea haya mpaka anaingia kaburini. Alipiga magoti mbele ya dada yake.

"Dada, sema tu kama ulitwaa. Uombe radhi upone."

Mwatum akamtazama. "Na weye, Tatu, waamini kama nilitwaa?"

Mama hakujibu. Alikuwa akimpenda dada yake kuliko nafsi yake, lakini uvimbe aliuona kwa macho, na kago amelisikia tangu mtoto. Kunyamaza kwake kukawa ndilo jibu. Mwatum akageukia ukutani, akasema kama ni hivyo, basi twende.

Walikwenda Tibirinzi kwa kupumzika pumzika njiani. Mbele ya Mzee Himid na watu wa jirani, mwanamke ambaye hakuwahi kuondoka na punje ya mtu alitamka kwamba aliiba karafuu, anaomba radhi. Sauti yake, mama alisema, ilikuwa ya mtu anayesoma maneno ya mwenzake. Mzee Himid akampitisha chini ya mkarafuu wa mpakani, akamnyunyizia maji, akasema amemwondolea. Chupa akaiacha palepale juu ya tawi.

Sasa lazima nikuambieni jambo ambalo Mzee Himid peke yake alikuwa akilijua. Chupa ile haikuwa na dawa. Mganga wa kago hutaka kulipwa, na Mzee Himid hakuona sababu ya kulipa. Aliokota chupa, akaijaza maji ya kisima chake, akachana kitambaa cha nguo kuukuu ya mkewe, akaitundika mwenyewe. Mwizi alipokiri, yeye ndiye aliyeshangaa kuliko wote. Usiku kucha alijiuliza kama huenda mkono wake una baraka asizozijua.

Paja halikunywea. Watu wakasema hajakiri yote. Uvimbe ulikuwa kama dafu dogo, ngozi yake ikimetameta, na Mwatum akaanza kukohoa. Ilipofikia hapo mama akamwacha kila mganga, akampeleka hospitali ya Chake.

Daktari alikuwa Mhindi wa makamo, mpole wa maneno. Alilipapasa paja, akasikiliza kifua kwa muda mrefu, akauliza uvimbe ulianzaje. Kisha akawaeleza. Alisema ile ni saratani, nayo si ya matiti na matumbo tu kama watu wanavyodhani. Iko inayozaliwa ndani ya nyama yenyewe, kwenye mishipa, mafuta na mifupa inayoushikilia mwili, na wao madaktari huiita sakoma. Huanza kimya, bila ya maumivu, ndiyo maana huachwa. Haiji kwa wizi, haiji kwa jicho la mtu, wala haiondoki kwa kukandwa. Ilipokuwa ndimu huenda ingekatwa ikaisha. Sasa itabidi apelekwe Unguja akakatwe mguu, na kile kikohozi kilimtia wasiwasi kwamba imekwishapanda kifuani.

Mama alilia pale pale. Mwatum hakulia. Aliomba kitu kimoja tu, aambiwe tena lile neno la kwamba haiji kwa wizi. Daktari akalirudia.

Siku ya kwenda kupanda meli alichukuliwa juu ya kitanda cha kamba, na akataka apitishwe kwanza kwa Mzee Himid. Ulikuwa msimu mwingine, uwanja umejaa wachumaji, Mwanawema akiwemo. Kitanda kikatuliwa pembeni ya majamvi. Mama akawaeleza watu aliyoyasema daktari, neno kwa neno, lakini nyuso zilibaki vilevile, maana daktari hajui mambo ya kago. Mwatum akainua kichwa.

"Mzee Himid, mie safari yangu siijui mwisho wake. Nakuomba unambie mbele ya watu hawa, chupa ile ina nini?"

Mzee Himid alimtazama usoni, kisha paja lililovimba chini ya kanga, kisha wachumaji wake. Akijibu, mikarafuu yake yote itabaki wazi, na kila mtu atajua kwamba alimwacha mwanamke ajivike wizi kwa ajili ya chupa ya maji. Kisha alikwenda mpakani, akaivuta chupa tawini, akarudi nayo, akaing'oa kizibo. Watu wakarudi nyuma. Akainywa yote mbele yao, maji yaliyooza kwa miaka, yakimchuruzika ndevuni.

"Maji ya kisima," alisema. "Hamna kitu. Hamkuwa na kitu tangu mwanzo." Akakaa chini juu ya jamvi, akajifunika uso kwa kilemba.

Hakuna aliyeweza kumtazama mwenziwe. Mwatum akajifungua kanga kiunoni, akampa mama, akamwambia amkung'utie. Mama akaikung'uta mbele ya uwanja mzima. Haikudondoka hata punje.

"Tena, Tatu," Mwatum alisema. "Hii ya kwanza ya wao. Ya pili uione weye."