Majani Aliyoyaleta Mgeni

Shemeji yangu Hermenegildo hajui kupika, na hilo nalisema mbele ya yeyote. Dada yangu Eulalia alimpikia miaka thelathini na minane, mpaka alipofariki mwezi wa Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha. Tangu hapo moshi wa jikoni kwake ulikuwa ukitoka saa za ajabu ajabu. Niliuona kila siku, maana nyumba zetu zinatazamana, kijito kikiwa katikati, na hatuna jirani mwingine. Lakini hatukuwa tunasemezana. Siku ya mazishi nilimwambia, mbele ya watu, kwamba alichelewa kumpeleka Eulalia zahanati. Alivaa kofia yake akaondoka.

Huku kwetu mwanamume hufungua ardhi kwa jembe la mguu, lile la mpini mrefu linalokanyagwa, na mwanamke ndiye hutia mbegu. Mwanamume akitia mbegu kwa mkono wake, ardhi hununa, na viazi hutoka vidogo kama mavi ya kondoo. Mimi ni mjane wa siku nyingi, kwa hiyo kila Septemba Hermenegildo alikuwa akifungua shamba lake na langu pia, na mimi na Eulalia tukimfuata nyuma na mbegu kwenye shuka. Sasa Eulalia hayupo. Mkono wa mwanamke uliobaki ni huu wangu, naye alijua hivyo. Binti yake Rufina, anayeishi mjini Arequipa, alikuwa ameshatoa neno: baba asipopanda msimu huu, atahamia kwake.

Alichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo tu, aje mlangoni kwangu na konzi ya majani ya koka. Anayehitaji mkono wa mwenzake shambani huja na majani. Ukiyapokea kwa mikono miwili ukayatia kinywani, umekubali, na yaliyopita yamepita. Kujipeleka bila kuletewa majani ni aibu, nami aibu siiwezi. Nikasubiri. Nilisubiri Julai yote na Agosti yote, nimenuna, na upweke ulinibana hadi nikawa naongea na simbilisi ninaowafuga jikoni.

Katikati ya Septemba wakaja wageni, Ignacio na Milena, mume na mke wa makamo kutoka Montevideo. Walikipanga kwa siku sita kile chumba kilichopakwa chokaa ambacho Eulalia alikijenga uani kwao kwa ajili ya wasafiri. Wawili hao hawakutulia. Walivuka mto ndani ya kikapu kinachoning'inia kwenye kamba ya chuma, Milena akipiga mayowe bonde zima likamsikia, kisha akataka kurudia. Walioga kwenye chemchemi ya moto. Walipanda mpaka ziwani, na wakati wa kurudi Ignacio akaangushwa na farasi mpole kuliko wote bondeni. Mchana wakachoka, wakajilaza kwenye nyasi, kofia zimefunika nyuso.

"Soksi zangu umeziweka wapi?" nilimsikia Ignacio akiuliza.

"Umezivaa, mzee wangu. Lala."

Nilikuwa uani nachambua viazi vyangu vya mbegu. Niliwaonea wivu, sifichi.

Siku ya nne Milena akavuka kijito, akafika kwangu anahema.

"Hodi mama! Jamani, huku pumzi mnanunua duka gani?"

"Karibu, mwanangu. Kaa kwanza."

Akafungua kitambaa. Ndani yake mlikuwa na majani ya koka, makavu lakini bado ya kijani, yamechaguliwa vizuri. "Yametoka kwa mzee Hermenegildo," akasema. "Chukua, mama."

Sikumuuliza zaidi. Niliyapokea kwa mikono miwili, nikayatia kinywani. Nikampa jibini nzima, akashangaa.

Kesho yake asubuhi nilivaa sketi yangu nzuri, nikachukua shuka la mbegu, nikavuka. Wageni walikuwa wameshapanda mlimani. Hermenegildo alikuwa amekaa kwenye ukuta wa shamba, jembe la mguu chini, nyasi hazijaguswa.

"Umefuata nini, Casilda?"

"Si umeniita?"

"Mimi?"

"Majani uliyompa mgeni aniletee."

Akavua kofia. "Yale nilimpa yeye atafune. Kichwa kinamuuma kwa sababu ya huu mwinuko."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini nilikuwa nimeshavuka, na sketi nimeshaivaa. "Basi nimeshayatafuna," nikasema. "Lete mbegu."

Hakuinuka. "Mbegu imeliwa."

"Imeliwa na nani?"

"Na sisi. Wageni wanataka supu kila siku, na ghalani hakuna kingine. Nikajiambia, nani ataipanda?"

"Mimi!"

"Hukuja."

"Hukuniita, Hermenegildo!"

"Nilikuja mara tatu, majani mfukoni. Nikifika kijitoni nakumbuka ulichosema mazishini, naona ulisema kweli, narudi."

Nilikaa pale pale kwenye nyasi nikalia. Miezi yote ile tulikuwa tumetenganishwa na maji yasiyofika magotini. Nikamwambia nitamgawia nusu ya mbegu yangu. Akatikisa kichwa. Alikuwa ameshamwambia Rufina kwamba Jumapili ataondoka, kwenye gari moja na wageni.

Jumamosi alikuja kwangu, jembe begani, hakuleta majani wala maneno. Akaanza kufungua shamba langu. Nilimfuata nyuma, mstari kwa mstari, natia mbegu na kufunika. Wageni walikaa ukutani wakatupigia makofi. Tulipomaliza mstari wa mwisho, akaliegemeza jembe lake kwenye ukuta wa nyumba yangu.

"Shemeji, baki," nikamwambia.

"Nikiingia mle ndani kwangu sina wa kumwambia kwamba nimerudi."

"Niambie mimi. Piga kelele tu, nitasikia."

Akatabasamu kidogo. "Funika vizuri zile za pembeni," akasema. "Baridi bado ipo."

Jumapili Milena alinikumbatia kwa nguvu. "Mama, hatujawahi kupumzika namna hii maishani mwetu. Na ile supu ya mzee, mpaka kufa sitaisahau!" Hermenegildo alikuwa kiti cha nyuma, kifurushi mapajani, anatazama mbele.

Viazi vilizaa sana. Nilivivuna peke yangu kwa siku tisa. Sasa Septemba imefika tena. Mbegu ninayo magunia mawili, imeanza kuchipua, na mkono wangu bado ni mzima. Kila asubuhi nasimama pembeni ya shamba, nikiutazama udongo ambao hakuna wa kuufungua.