Mtamba wa Tarehe Tano Oktoba

Mpaka leo nikikumbuka ile orodha nafura. Mwaka 2007 nilikuwa karani wa chama kidogo cha wafugaji huko Subukia, kazi yangu kuingiza kwenye kompyuta siku ambayo kila ng'ombe alipandishwa. Kompyuta ilijumlisha siku mia mbili themanini na tatu, ikatoa tarehe ya kuzaa. Tarehe ikipita bila ndama, jina la mwenye ng'ombe linageuka jekundu.

Shida ni kwamba mashine ilikuja mtumba, imepangwa kutanguliza mwezi. Nikiandika 5/10, yaani tarehe tano Oktoba, yenyewe inasoma tarehe kumi Mei. Nilipoandika 23/10 ikashindwa, maana hakuna mwezi wa ishirini na tatu, ikaiacha imebanwa upande wa kushoto kama neno tu. Hapo ndipo niliposhtuka. Nikamwita meneja, nikamwonyesha kwa kidole: tarehe zilizokataa hazina shida, za kuogopa ni hizi zilizokubali. Unajua alinijibu nini? Eti kompyuta haikosei, mimi nimesoma kozi ya wiki mbili na tayari najifanya mjuaji. Akachapisha orodha, akampa daktari wa mifugo. Mtu mzima na akili zake, jamani.

Ilikuwa Machi 2008. Barabara zilikuwa zimefunguka juzi tu baada ya vurugu za uchaguzi, na daktari alikuwa amerundikiwa na kazi ya miezi miwili. Kati ya majina mekundu lilikuwemo la mama mmoja mjane mwenye mtamba mmoja, mimba ya kwanza. Alikuwa amemlea kwa chupa tangu ndama. Wajukuu wake wanne walikuwa wakinywa turungi, chai isiyo na maziwa, asubuhi na jioni, wakingoja maziwa yao wenyewe mwezi wa saba. Orodha ilisema mtamba alipaswa kuzaa Februari.

Mama alimwambia daktari kwamba mimba ni ya miezi mitano, akamletea hata kadi ya kupandisha ya tarehe tano Oktoba. Daktari hakuiangalia, wala hakuingiza mkono kumpima. Alisema mathe amechanganya siku, akamdunga mtamba sindano ya kumzalisha, akaondoka. Niliposikia, niliwakasirikia meneja na daktari. Nilijikasirikia na mimi pia, kwa sababu kalamu nilikuwa nayo. Ningelikata lile jina, wanifute kazi wakitaka.

Siku ya nne mama aliingia ofisini amebeba gunia. Alilifungua mezani kwa meneja, juu ya zile karatasi zake. Ndama hakuwa na manyoya, macho yamefumba, ukubwa wake kama paka. Meneja alirudisha kiti nyuma, kisha akanigeukia mimi.

"Usimwangalie huyo msichana," mama alimwambia. "Mwandikie huyu ndama tarehe yake ya kuzaliwa."